PlayStation ndani ya Noah, na akdi iliyosomwa baada ya isha



Mmezoea tukija hapa tunazungumza singo, udi, mapambo ya chumba na vipi biharusi apange sanduku lake. Leo tumekuja na inverta ya gari. Msicheke kwanza. Kila harusi tunayokwenda siku hizi lazima atokee mtu atuvute pembeni atunong'oneze, "Hivi ni kweli akdi yenu ilichelewa kwa ajili ya gemu?" Ni kweli. Ilichelewa karibu saa nne, na tumechoka kuisimulia vipande vipande, kila mtu akiondoka na kipande chake akakitia chumvi. Kwa hiyo tunaiandika yote mara moja, na humo humo tutaeleza namna ya kuendesha PlayStation ndani ya gari bila ya kuunguza kitu, maana wengi wenu mna watoto na mna safari.

Sisi ni ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja. Mkubwa ameolewa zamani, yuko mjini na wanawe. Mdogo ndiye biharusi wa kisa hiki. Nyuma yetu Mama alikaa miaka mingi bila ya kupata, kisha Mwenyezi Mungu akamruzuku mtoto wa kiume, ambaye sasa ana miaka 13. Tumemlea sote, tumembeba mgongoni sote. Ana siko seli.

Kwa wasioijua, ni maradhi ya damu ya kuzaliwa nayo. Chembe nyekundu, badala ya kuwa duara, zinajipinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na pale zilipokwama ndipo panapouma. Kiu huyaamsha maumivu, baridi huyaamsha, homa huyaamsha, na kuchoka pia. Mtoto huipata pale baba na mama wote wawili wamebeba nusu yake bila ya kujua. Hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoka na maradhi. Wazazi wetu hawakujua. Sisi tulijua, ndiyo maana posa ilipokuja tukaomba damu ipimwe kabla ya jibu. Kijana wa watu hakuona haya wala hakuuliza kwa nini. Siku ya pili yake alikwenda. Biharusi wetu amebeba, yeye hana, alhamdulillah. Enyi mnaojitayarisha, kipimo hiki ni cha mara moja tu katika maisha. Mukifanye kabla ya kadi kuchapwa, si baada.

Haya, turudi kwenye gari.

Nyumbani kwetu ni Nungwi, na kliniki ya mtoto iko mjini. Ni zaidi ya saa moja njiani, kwenda tu, na siku yenyewe ni ndefu: kuondoka baada ya alfajiri, kupimwa, kungoja, kuchukua dawa, kumpitisha Mama sokoni, kurudi. Alipofika miaka 11 akaanza kugoma. Asubuhi ya kliniki anajifungia chooni. Mama analia nje ya mlango, Baba anagomba, na sisi tuko kwenye simu kila mmoja kwake tunambembeleza mtu asiyejibu. Mara mbili kliniki ilimpita.

Kabla ya hapo, ami yetu anayeishi Maskat alikuja likizo akamletea PlayStation 4, ile nyembamba. Baba hakuipenda. Alihofia sala na Kurani, na hofu yake haikuwa ya bure, maana mwezi wa mwanzo ilibidi waya uwe unalala chumbani kwa Mama. Lakini tuliona kitu. Siku za maumivu, akishakunywa dawa yake na maji yake, alikuwa akikaa na ile pedi mkononi na uso wake unatulia. Akili ikishughulika, maumivu hupungua makali. Wauguzi wa watoto wanalijua hilo na hulitumia. Hata Baba akaacha kusema.

Ndipo siku moja mtoto akasema kliniki atakwenda ikiwa PlayStation nayo itapanda gari. Baba akacheka. Mama hakucheka.

Gari yetu ni Toyota Noah. Baba alinunua inverta ndogo, imeandikwa wati 150, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kazi ya inverta ni kuuchukua umeme wa betri ya gari, ambao ni volti 12, na kuugeuza uwe wa volti 230 kama wa ukutani nyumbani. Akachukua na televisheni ndogo ya chumbani. Safari ikaanza, mpira ukachezwa, bismillah nyingi zikasomwa. Tulipopita Kinyasini pakasikika kitu "tap", kila kitu kikazima, chaja ya simu ya Mama nayo ikafa, na harufu ya plastiki ya moto ikajaa gari nzima.

Hapa ndipo sisi wawili tulipojifunza hesabu ambayo skuli tuliikimbia. Kila chombo cha umeme kina kibandiko, na kwenye kibandiko kuna wati. Chukua wati ugawe kwa volti, unapata ampia. PlayStation 4 nyembamba imeandikwa wati 165 kwa kiwango cha juu, ila mchezoni hula baina ya 80 na 100 hivi. Televisheni ile inakula 30. Tuseme jumla 120. Inverta nayo inataka fungu lake, kwa sababu sehemu ya umeme inapotea kwa kuwa joto, kwa hiyo betri inatoa kama wati 140. Gawa kwa 12, unapata karibu ampia 12. Fyuzi ya tundu letu la sigara ilikuwa ya ampia 10. Gari nyengine huwa na 15 au 20, lazima uangalie ya kwako.

Fyuzi haikuharibika, ilifanya kazi yake. Ilikufa ili gari isiungue. Tunalisema hili kwa nguvu kwa sababu fundi wa mwanzo tuliyempata njiani alitaka kutuwekea fyuzi ya 30 "isikate tena." Waya uliomo ndani ya dashibodi umepimwa kwa ile fyuzi ndogo. Ukitia fyuzi kubwa, kitakachoungua mwanzo ni waya, nao umepita nyuma ya plastiki na zulia, chini ya miguu ya watu wako. Baba akamshukuru, akaondoka.

Pesa ya inverta ya pili ilitoka kwenye bahasha ya mpiga picha wa harusi. Tulikubaliana sisi wawili usiku mmoja, na Mama hakuambiwa mpaka jambo lilipokwisha. Hatusemi tulifanya vizuri kuficha. Ila biharusi mwenyewe alisema picha anazo za simu, na kliniki mbili zilizompita mtoto zilikuwa zimemkaa kooni.

Safari hii tulimtafuta fundi umeme wa magari hasa, mzee mtaratibu anayefanya kazi huku redio inasoma Kurani. Alitufungia inverta ya wati 300, ya aina inayotoa wimbi laini kama la umeme wa nyumbani. Zile za rahisi hutoa wimbi la ngazi ngazi. Vyombo vingi vitawaka nalo, lakini vinaweza kuvuma na kupata moto kuliko kawaida. Hakuichomeka kwenye tundu la sigara. Alivuta nyaya nene moja kwa moja kutoka kwenye betri, na kwenye waya wa chanya akaweka fyuzi yake mbali, ya ampia 40, karibu na betri kwa kiasi cha shubiri. Tulimuuliza kwa nini isikae nyuma karibu na inverta ambako ni rahisi kuifikia. Akasema waya ukichubuka katikati ya njia ukagusa bodi, fyuzi iliyoko nyuma haitajua kitu. Pale waya unapopenya kwenye bati akatia mpira ili makali yasiukate. Televisheni akatwambia tubadilishe tutafute ile inayotumia volti 12 yenyewe. Inakwenda kwenye betri bila ya kupita kwenye inverta, na mzigo unapungua.

Mengine tulijifunza kwa kuumia. PlayStation inavuta hewa na kutoa hewa ya moto, kwa hiyo haifunikwi kanga wala haiwekwi juu ya zulia la manyoya. Tuliifunga kwa mikanda juu ya ubao wenye sponji chini yake, kwa sababu diski yake ya ndani inazunguka na haipendi mashimo. Baadaye shemegi yetu aliibadilisha akatia ile isiyozunguka. Ukiwasha injini huku gemu iko hewani, umeme wa betri unazama kwa nukta chache, inverta inapiga kelele, na mchezo uliokuwa haujahifadhiwa unapotea. Kwa hiyo injini kwanza, gemu baadaye. Kioo kinakaa nyuma ya dereva, kinaangalia nyuma, kimefungwa vizuri, maana ukipiga breki ya ghafla televisheni iliyolegea ni jiwe. Kwenye kona nyingi mtoto husimamisha mchezo, kwani anapata kichefuchefu, na kwake kutapika ni kupoteza maji. Na injini haiwashwi ndani ya banda lililofungwa hata kama ni "dakika mbili tu acheze": moshi wa gari una hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu.

Kliniki haikumpita tena. Siku moja askari wa kizuizini aliingiza kichwa dirishani akitaka leseni ya Baba, akaona kioo, akauliza ngapi ngapi. Mtoto akamjibu. Tukaruhusiwa.

Sasa siku ya harusi.

Harusi tuliifanyia mjini, nyumbani kwa mkubwa wetu, kwa vile uwanja ni mkubwa na msikiti uko mlango wa pili. Akdi ilipangwa baada ya alasiri. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikatika mtaani, na sisi tuliokulia Unguja hatuna haja ya kufundishwa hofu hiyo. Umeme wetu unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari. 2008 tulikaa giza kiasi cha mwezi mmoja, na mwisho wa 2009 waya ulipoharibika tena tulikaa miezi mitatu. Mmoja wetu, hatumtaji lakini ndiye aliyekuwa na singo usoni, akachukua pasi na shela akatoka nayo mpaka kwenye Noah, akachomeka pasi kwenye inverta. Pasi inakula wati 1,000 na zaidi, na inverta ni ya 300. Ilipiga mlio mmoja mrefu ikajizima, na wajomba waliokuwa kibarazani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Umeme ulirudi saa sita usiku. Hicho ndicho kicheko cha mwisho tulichokuwa nacho kwa muda.

Asubuhi Baba akaenda Nungwi kumchukua Bibi, na mtoto akataka kwenda naye. Bibi yetu hana haraka tangu azaliwe. Walifika saa nne na nusu. Yeye ndiyo kwanza anatafuta kanga ya kuvaa na ile ya kubadilisha. Baba akakaa na wazee, adhuhuri ikaadhiniwa, akaenda msikitini, huko akazuiwa na watu wa kumpa mkono wa heri. Mtoto alibaki ndani ya Noah chini ya mkungu, milango wazi, injini imezimwa, PlayStation inawaka. Zilipita saa mbili na zaidi.

Betri ya gari ni pipa la maji, na ndani ya injini muna altaneta, ambayo ndiyo bomba la kulijaza. Injini ikiwa inazunguka, unateka na bomba linajaza. Injini ikizimwa, unateka tu. Betri ya kawaida kama yetu ni ya ampia 45 kwa saa, na ukiteka 12 kila saa, nusu yake inakwisha kabla ya saa mbili. Hiyo ni betri mpya. Yetu ilikuwa na miaka mitatu. Tena betri hizi zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha, hazikutengenezwa kukaushwa. Inverta nayo ina mlinzi wake wa kujizima, lakini nyingi hujizima volti zikishuka mpaka 10 na nusu hivi, na hapo injini ilikuwa imekwisha kufa zamani. Hilo hakuna aliyetwambia. Tulikuwa tukiamini kwamba madhali inverta inawaka, gari itawaka.

Baba alirudi karibu na saa nane, Bibi amekwisha kukaa kiti cha mbele na bakuli lake la visheti mapajani. Akageuza ufunguo. "Tk tk tk." Akageuza tena. Baba ni mtu wa hasira za haraka, na alikuwa ndiye wali, na wali yuko Nungwi na akdi iko mjini. Akatoka, akazunguka nyuma kwenda kumtolea mtoto maneno.

Mtoto alikuwa amelala ubavu, magoti kifuani, kioo kimezima mbele yake, pedi bado mkononi. Machozi yanamtoka bila ya sauti. Maumivu yalikuwa yamemuanza tangu alfajiri, mgongoni na mapajani. Hakusema nyumbani, hakusema njiani. Ni siku ya dada, alimwambia Baba, sikutaka.

Simu ilipotufikia tulikuwa chumbani, hina ya pili bado haijakauka, ikabidi mmoja amshikie mwenziwe simu sikioni. Tutakwambieni ukweli, kwa sababu kwenye visa vya harusi watu hupenda kujipamba na moyoni pia. Kitu cha kwanza kilichokuja kilikuwa hasira. Tulimkasirikia mtoto kwa kunyamaza. Tukamkasirikia Bibi na kanga zake. Kisha ikaturudia wenyewe, maana nani aliyenunua ile inverta, na kwa pesa gani, na kwa kumficha nani? Mmoja wetu alitupa kitambaa cha hina ukutani. Doa lake bado lipo.

Nungwi, kijana jirani alileta kigari chake cha kubebea samaki, lakini nyaya za kuunganishia betri zilizopatikana mwanzo zilikuwa nyembamba, zikapata moto na gari isiwake. Muda ukaenda kutafuta nyengine. Chanya kwa chanya, na ule wa hasi wa mwisho unafungwa kwenye chuma cha gari iliyokufa, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa hewa inayoshika moto na cheche haitakiwi hapo. Ilipowaka, Baba hakuja harusini. Alimpeleka mtoto hospitali moja kwa moja, na Bibi na visheti vyake ndani.

Alasiri ikasaliwa. Msikiti umejaa kanzu na majoho, hakuna wali. Ami yetu akasema anaweza kusimama yeye, na sheikh akaeleza kuwa sharia haina tatizo: wali anaweza kuwakilisha, Baba atoe ruhusa, mambo yaende. Watu wa upande wa pili walikuwa wakiangalia saa, na hatuwalaumu, kuna waliotoka Pemba na boti yao ni asubuhi. Biharusi alikuwa tayari kusema ndiyo. Alikwisha funguwa kinywa.

Kumbe bwana harusi naye hayuko msikitini. Alipopata habari aliinuka na kanzu yake na kilemba chake akenda hospitali kumshikia Baba nafasi, ili Baba arudi kuozesha. Alichosahau, maskini, ni kwamba na yeye mwenyewe anahitajika. Baba akakataa kuondoka. Kwa hiyo kwa muda wa magharibi nzima msikiti ulikuwa na sheikh, mashahidi, halua na kahawa, na wenye harusi wote wawili wamekaa kwenye benchi moja wodini.

Mtoto aliwekewa maji ya mshipa na dawa ya maumivu. Alipopata kufungua macho vizuri akamuona bwana harusi amevaa vile.

"Mumeahirisha kwa ajili yangu?"

"Tunamngoja wali," shemegi akamjibu. "Nawe unamchelewesha."

Baba ndiye aliyetusimulia hayo, na alipofika hapo alisita kidogo kabla ya kuendelea.

Baada ya magharibi maumivu yakaanza kulegea. Mama alikwenda kukaa naye, amevaa nguo yake ya harusi na buibui juu, na wale wanaume wawili wakarudi kwa Noah ile ile. Hawakuizima injini hata mara moja njiani. Akdi ikasomwa baada ya isha. Biriani ilikuwa imeshikana chini, na kuna mtu wa upande wa pili aliyesema jambo kuhusu watu wasiojipanga. Tulilisikia. Mama mkwe naye alilisikia, akamuuliza kama anataka kuku au nyama.

Mtoto alirudi nyumbani siku ya tatu, fungate haijaisha. Tulikaa naye wawili sisi, tukamuuliza tena, bila ya Baba na Mama: kwa nini hukusema? Alichokisema kilituuma kuliko kuchelewa kwa akdi. Alisema kila akitaja maumivu, kitu cha mwanzo tunachofanya ni kuzima gemu na kumlaza. Kwa hiyo amejifunza kusema mwishoni kabisa, pale asipoweza tena. Hatukuwa na jibu. Ni kweli tulikuwa tukifanya hivyo, sisi hasa, kwa kuona ndiyo huruma. Tulimnunulia kitu cha kumpunguzia maumivu halafu tukakigeuza kuwa adhabu ya kuyataja.

Sasa tumeafikiana. Akisema linauma, anapewa maji na dawa, na anaangaliwa homa, kwani homa kwa mtoto wa namna yake ni ya kukimbizwa hospitali hapo hapo. Gemu inabaki inawaka mpaka yeye mwenyewe aizime. Kwa gari, tulirudi kwa yule mzee fundi. Alituwekea kifaa kidogo kinachokata umeme wa inverta volti zikishuka mpaka 12, siyo 10 na nusu, ili ibaki nguvu ya kuwasha. Akaweka na kisomeo chenye tarakimu nyekundu hapo nyuma, mtoto aione mwenyewe: betri iliyopumzika na iliyojaa ni 12.6 hivi, ikifika 12.2 ni kama nusu imekwenda, na injini ikizunguka inapanda hadi 14 na kitu. Sheria ya Baba ni kwamba gari ikiwa imezimwa, mchezo ni nusu saa kwa saa yake ya mkononi. Mtoto anaisimamia kuliko Baba.

Mtatuuliza kama tungeinunua tena ile inverta. Mkubwa anasema ndiyo, bila ya kufikiri. Mdogo anasema ndiyo, lakini angemwambia Mama siku ile ile. Na kuhusu mpiga picha, alikuja kwa nusu ya siku tu kwa pesa iliyobaki, na nusu hiyo ilikwisha kabla ya akdi, kwa hiyo picha tulizonazo ni za watu wakingoja. Kuna moja ya sheikh anasinzia. Ndiyo tunayoipenda.

Kliniki ya mwezi huu ni Jumanne. Betri mpya imetiwa, jana usiku ilisoma 12.6. Shemegi amesema safari hii yeye ndiye atakayeendesha na Baba akae nyuma, kwa vile kila akikaa nyuma yeye anafungwa mabao matano mpaka Mahonda.